Ukucha wa Feleji

Arvid Tollefson alikuwa na ugomvi na plastiki, na hakuuficha. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa mitambo kwenye maghala ya ngano, na alikuwa tayari kumweleza yeyote aliyesimama karibu naye kwa dakika tano kwamba dunia ilianza kuharibika siku watu walipokubali kununua gia za plastiki. Sasa amestaafu, ana miaka sitini na minane, nyonga moja mbovu, mke amekwisha kufariki, na plastiki imemfuata mpaka kwenye gereji yake mwenyewe.

Ilimfuata kupitia mashine ya kujazia risasi upya katika maganda yaliyokwisha kupigwa. Ilikuwa mashine nzuri, chuma kizito, ameifunga kwa bolti kwenye meza aliyoiunda kwa mbao za ghala la zamani. Unavuta mpini, kazi zote zinafanyika kwa mpigo mmoja: ganda moja linatiwa fataki ya kuwasha baruti kitakoni, jingine linamiminiwa baruti, jingine linakandamiziwa kichwa cha risasi. Unaporudisha mpini juu, sahani iliyobeba maganda inazunguka hatua moja, kila ganda linasogea kwenye kazi inayofuata. Kinachoisukuma sahani hiyo ni kipande kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, na jina lake ni hilohilo, ukucha. Ukucha huo ulikuwa wa plastiki.

Katika majira hayo ya baridi peke yake zilimvunjikia kucha sita. Chembe ya baruti ikimwagika ikaingia chini ya sahani, sahani inagoma, ukucha unakatika, kazi imekwisha. Inabidi kutoa maganda yote, kumwaga baruti, kusafisha, kuanza upya. Waliotengeneza mashine hawakuwahi kubishana naye. Ukiwapigia simu wanakutumia nyingine kwa posta, bure, na safari ya mwisho walituma kumi kwenye bahasha moja. Arvid aliona hayo ni kukiri kosa. Mtu anayekiamini kitu chake, alisema, hakupi kumi bure. Akaitupa bahasha kwenye droo.

Binti yake, Signe, aliwahi kumwambia aziache zivunjike.

"Zimewekwa hapo zivunjike, Baba. Kama fyuzi."

"Fyuzi ni ya umeme," Arvid alimjibu. "Hii ni uvivu wa mtu fulani ofisini."

Signe alicheka, akayaacha. Alikuwa na miaka thelathini na minne, daktari wa mifugo anayezunguka mashamba ya kaunti nzima, mwenye mikono miembamba yenye nguvu ambayo wafugaji waliiulizia kwa jina pale ndama anapokwama tumboni kwa mama yake. Jumamosi alishindana kupiga shabaha kwa bastola, mabamba matano ya chuma kwa saa ya kupimia muda, na mara nyingi alishinda. Alipiga risasi alizojaziwa na baba yake, na hilo halikuwa jambo dogo. Katika sehemu zile za Montana mtu anaweza kukuazima pikapu yake, trekta yake, hata bunduki ya marehemu babu yake. Risasi aliyoijaza mwenyewe hakupi, na akikupa huipigi, kwa sababu hukuwepo ulipopita mkono wake. Signe aliivunja sheria hiyo kwa mtu mmoja tu duniani, tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Arvid alijivunia jambo hilo kuliko nyumba yake, ingawa hakuwahi kulitamka.

Basi mwezi wa nne, barafu ilipoanza kuyeyuka, alikata shauri. Alichukua patasi ya zamani ya feleji, chuma kigumu kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakata kipande, akakibana kwenye jiliwa, akakaa nacho siku tatu kwa tupa na msasa. Ukucha uliotoka pale ulikuwa kitu cha kutazamwa. Ulikaa mahali pake bila kucheza hata kidogo. Alifurahi akatengeneza wa pili, akampelekea Delbert Rusk, msimamizi wa uwanja wa shabaha, mwenye mashine kama yake na mdomo mrefu, ambaye msimu mzima alikuwa akimwita fundi wa plastiki mbele ya watu. Delbert aliugeuzageuza ukucha kwenye mwanga, akaguna, akautia mfukoni. Kutoka kwa Delbert, kuguna ni sifa.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Arvid aliketi kumjazia Signe risasi mia mbili za kesho yake. Sasa, juu ya meza ile kulikuwa na taa ndogo yenye shingo ya kukunja, na taa hiyo ilikuwa na kazi moja tu, kumulika ndani ya ganda kabla halijafunikwa. Kiwango cha baruti kwenye risasi ya bastola ni kidogo, hakifiki hata nusu ya ganda. Ukimimina mara mbili inaenea yote, kichwa cha risasi kinakaa juu yake vizuri, na kwa nje huoni tofauti. Kwa hiyo lazima uchungulie. Arvid aliwafundisha hivyo nusu ya wanaume wa uwanja ule, na Delbert akiwamo, na aliwahi kumfukuza mtu mzima kwenye gereji yake kwa kufunika ganda ambalo hakulitazama.

Ijumaa hiyo aliikunja taa akaimulikia ukucha wake.

Hakukusudia. Alitaka kuuona ukifanya kazi mara mbili tatu. Lakini ulikuwa unapendeza, ulivyoikamata sahani na kuisukuma, tik, tik, bila kuchoka, na macho yake yakabaki hapo saa nzima. Mkono wa kushoto uliweka vichwa vya risasi kwa mazoea, mkono wa kulia ukavuta mpini. Mahali fulani katikati ya kazi mpini uligoma. Chuma kililia kidogo. Arvid alikandamiza, akaurudisha nusu, akavuta tena kwa nguvu, ukapita.

"Plastiki ingekufa hapa," alisema kwa sauti, peke yake, na akaendelea akiwa na tabasamu.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Signe alipita kuchukua kisanduku. Alikunywa kahawa kwa kusimama, buti zikiwa na tope mlangoni. Arvid alimwonyesha ukucha, na Signe akaugusa kwa kidole.

"Umechungulia ndani ya maganda?"

"Kwani nimeanza leo?" alisema Arvid.

Lilikuwa jibu, na halikuwa jibu. Signe alimbusu shavuni, akabeba risasi zake mia mbili, akaondoka.

Saa mbili na robo Arvid aliingia gerejini na kichupa cha mafuta, apate sababu ya kuutazama tena ukucha wake. Aliikunja taa. Ndipo alipoona, kwenye ukingo wa sahani, mkwaruzo mpya unaong'aa. Ukucha ulikuwa umeteleza. Sahani iligoma, na feleji, kwa kuwa haikujua kuvunjika, ilipanda juu ya chuma mwenzake ikachana njia. Aliweka kidole kwenye mkwaruzo huo, na hapo mkono wake wa kulia ukamkumbusha kile ambacho kichwa chake kilikuwa kimekidharau. Alivuta mpini mara mbili. Sahani haikusogea kati ya mvuto wa kwanza na wa pili. Ganda lililokuwa chini ya mdomo wa baruti lilipokea, kisha likapokea tena.

Alisimama pale na kichupa cha mafuta, akajaribu kukumbuka kama alichungulia ndani ya ganda lile. Akajua hakuchungulia. Akajua hakuchungulia ndani ya ganda hata moja.

Katika kisanduku alichobeba binti yake kulikuwa na risasi moja yenye baruti mara mbili, imekaa kati ya wenzake, inafanana nao kabisa. Bastola ikiipokea hiyo haipigi. Inapasuka. Arvid aliwahi kuona, zamani, mtu akitazama mahali vilipokuwa vidole vyake kwa mshangao tu, kabla maumivu hayajafika. Akaiona mikono ya Signe.

Alipiga simu ya Signe, ikajibu ile sauti ya kusema acha ujumbe. Alipiga ya Delbert, vilevile. Uwanja uko bondeni, nyuma ya vilima viwili, na mtandao haujawahi kufika huko. Mashindano yanaanza saa tatu. Ni maili thelathini na nane, ishirini za mwisho ni changarawe, na wiki nzima theluji ilikuwa ikiyeyuka. Aliingia kwenye pikapu bila kofia na bila kufunga mlango wa gereji.

Kwenye lami aliendesha kama hajawahi kuendesha tangu ujana. Kwenye changarawe tope lilimshika na kumpunguza mwendo, na huko alijikuta akipanga maneno. Angeweza kumwita Signe pembeni. Angeweza kusema bomba limepasuka nyumbani. Au kwamba fataki hazikuwa nzuri, aliyeziuza ndiye mwenye kosa. Zilimjia hadithi tatu nzuri, na kila moja ilimwacha Arvid Tollefson kuwa yuleyule fundi anayechungulia kila ganda. Alipojisikia anachagua kati ya hizo tatu alijiona mchafu, akajitukana kwa sauti, kwa Kinorwe cha mama yake, ambacho alikijua kwa matusi tu.

Maili sita kabla ya kufika, trekta iliziba njia. Ilikuwa ikivuta mashine pana ya kupandia, kulia mtaro, kushoto mtaro, na kijana aliyeiendesha alikuwa na muziki masikioni. Arvid alipiga honi mpaka kiganja kikamuuma. Zilipita dakika tisa kabla kijana hajapata mahali pa kukunja. Alimpungia Arvid mkono kwa heshima alipokuwa anapitwa.

Alifika saa tatu na dakika kumi na nne. Bendera nyekundu ilikuwa juu ya mlingoti, maana yake wanapiga. Magari yalizuia njia, ikabidi ashuke akimbie, na kwa nyonga ile kukimbia kwake kulikuwa kuruka kwa mguu mmoja na kuburuta wa pili. Aliwaona watu ishirini hivi wamempa mgongo. Mbele yao, ndani ya fremu ya mbao iliyolazwa chini kuonyesha mahali pa kusimama, alisimama Signe, nywele zimefungwa nyuma, bastola mikononi. Nyuma ya bega lake alikuwa Delbert na saa ya kupimia.

Saa ililia. Zikatoka tano, haraka, na mabamba matano yakaitika moja baada ya nyingine. Arvid alitikisika kwa kila mlio mmoja. Aliita jina la bintiye. Wote walikuwa na vikinga masikio, na upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwake.

Signe alishusha bastola, akapumua, akaiinua tena kwa mzunguko mwingine. Kila mtu hupiga mizunguko mitano, na Arvid hakujua huu ulikuwa wa ngapi.

Iko sheria moja uwanjani pale ambayo haina mkubwa wala mdogo. Yeyote anayeona hatari, awe mgeni, awe mtoto, akiinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa, wote wanaacha. Hakuna anayeuliza kwa nini mpaka silaha ziwe tupu. Na ukiwasimamisha watu, ni lazima useme sababu mbele ya wote, pale pale. Aliyeiandika sheria hiyo ubaoni kwa rangi nyeupe, miaka kumi na minane iliyopita, alikuwa Arvid.

Aliinua mikono akaipishanisha, huku akichechemea na kupayuka. Saa ililia. Moja. Mbili. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya wengine akisubiri zamu aligeuka, akamwona, naye akainua mikono yake, akapiga kelele. Tatu. Delbert aligeuza kichwa.

"Acheni kupiga!"

Risasi ya nne haikutoka. Arvid alikiona kidole cha Signe kikitoka kwenye kifyatulio na kunyooka ubavuni mwa bastola, mdomo wa bastola ukibaki umeelekea kilimani. Hakugeuka kutazama nani kasimamisha. Alibaki vilevile, kama alivyofundishwa, akingoja.

Aliambiwa atoe magazini yenye risasi, akatoa. Aliambiwa atoe risasi iliyobaki ndani, akaitoa, ikaanguka kwenye nyasi. Arvid aliinama akaiokota, na alipoinuka watu wote walikuwa wamevua vikinga masikio na wanamtazama yeye. Alikuwa hana pumzi. Zile hadithi tatu zilikuwa bado ziko karibu.

"Risasi zake mbovu," alisema. "Nimezijaza mimi. Kuna moja nimeimiminia mara mbili."

Delbert, ambaye angeweza kuishi kwa utani wa siku hiyo mpaka Krismasi, alitazama buti zake.

"Mashine iligoma," Arvid aliendelea, "nikavuta tena. Ule ukucha wangu haukuvunjika. Ungevunjika ningesimama."

"Na taa?" aliuliza Signe. Alikuwa amepauka, lakini sauti ilikuwa tulivu, ile anayoitumia kwa ng'ombe aliyeingiwa na hofu. "Ulikuwa unatazama nini, Baba?"

"Nilikuwa nautazama ukucha."

Signe aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali la asubuhi. Alihesabu zilizobaki kisandukuni. Alikuwa ameshapiga kumi na nane. Delbert alitia mkono mfukoni, akatoa ule ukucha wa pili, akamwekea Arvid kiganjani bila kuguna. Delbert alikuwa bado hajaufunga kwenye mashine yake. Halafu akamwambia Signe kwamba ana pakiti ya risasi za dukani ndani ya gari, bado imefungwa, achukue amalize mizunguko yake. Signe alimshukuru, akasema leo basi.

Walirudi kila mtu na gari lake, Signe mbele. Arvid alimfuata polepole maili zote thelathini na nane.

Mchana wote walikaa gerejini wakizifungua risasi zilizobaki. Kifaa chake ni nyundo yenye kichwa cha tundu. Unaitia risasi ndani, unafunga, unagonga sakafu, kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inamwagika. Arvid aligonga, Signe akapokea baruti na kuiweka kwenye mizani ndogo. Alikuwa ameivuta ile taa upande wake. Aligonga, akapima, sawa. Aligonga, akapima, sawa. Walifika arobaini. Kila alipogonga, Arvid alitamani iwe hiyo, na kila ilipokuwa sawa alifikiria zile kumi na nane ambazo Signe alizipiga akiwa amezishika karibu na uso wake.

Ilikuwa ya sitini na tatu. Arvid alijua kabla ya mizani, kwa mlio wa baruti ilipoangukia kwenye kisahani. Kilikuwa kilima kidogo, kijivu, kisingejaza kijiko cha chai. Signe alikipima. Kilikuwa mara mbili kamili.

Arvid aliweka nyundo chini, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Machozi yalimtoka na hakuyazuia.

"Basi," alisema. "Tumeipata. Imekwisha."

Signe alichukua risasi nyingine kisandukuni, akamnyooshea.

"Ilikuwa moja tu, mama," Arvid alisema. "Mpini uligoma mara moja. Nakumbuka."

"Jana hata hiyo moja hukuikumbuka."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana ilimwingia. Arvid aliokota nyundo. Wakafungua mia moja na kumi na tisa zilizobaki, moja moja, mpaka mwanga wa dirishani ukageuka rangi, na zote zilikuwa sawa. Signe hakuruka hata moja.

Mwishowe alinawa mikono, akavaa koti. Arvid alifungua mashine, akautoa ukucha wa feleji, akauweka mezani pembeni ya mwenzake. Zilikuwa bado zinapendeza, na hilo lilimuudhi. Alivuta droo akatafuta ile bahasha ya kucha za plastiki.

"Utakuja kupiga risasi zangu tena?" aliuliza akiwa amempa mgongo, anahangaika na skrubu.

Signe alifunga vifungo vya koti mpaka juu.

"Siku ukucha huo utakapovunjika," alisema mlangoni, "nawe ukasimama, ukamwaga zote, ukaanza upya. Siku hiyo nipigie simu."

Zilipita wiki tatu. Ngano ilichomoza. Jumamosi Signe alishindana kwa risasi za dukani, akashika nafasi ya nne, mara nyingine ya sita. Delbert alimaliza kejeli zake zote za akiba kwa watu wengine. Arvid alijaza risasi chache kila alasiri, taa imekunjwa juu ya tundu la ganda, hachukui kichwa cha risasi mpaka aione baruti. Alivuta mpini taratibu, masikio wazi. Ukucha wa plastiki ulifanya kazi yake siku baada ya siku bila kasoro, na mzee yule, aliyeulaani msimu mzima, akawa anaukasirikia kwa kutovunjika.

Jumanne moja, saa kumi alasiri, alisikia tak ndogo, na sahani ikaacha kusogea. Aliondoa mkono kwenye mpini kana kwamba ni wa moto. Alitoa maganda matano, akamwaga baruti ya yote, hata lile lililokwisha funikwa kichwa aliligonga akalimwaga. Alisafisha sahani. Aliokota vile vipande viwili vya plastiki, akavishika kiganjani, akachukua simu.

Signe aliitikia kutoka kwenye zizi la mtu. Ng'ombe walikuwa wanalia nyuma yake.

"Umevunjika," alisema Arvid, na sauti yake ikatetemeka kwa furaha ambayo hakuwa na namna ya kuieleza.

"Nanawa mikono," alisema Signe. "Nakuja."